Njambi, Aliyewarudishia Mbwa Pua Zao

Poleni kwa safari, nyinyi mliotoka Thika na nyinyi mliopanda kwa miguu kutoka Ruiru mjini na baridi hii ya Agosti. Aliyetuita hapa Gatong'ora leo hakupenda kumharakisha mtu wala mnyama. Neno lake lilikuwa "kahora", yaani polepole, na hata wasifu wake utakwenda hivyo hivyo. Wenye haraka wavumilie.

Magdalene Njambi alizaliwa Gatukuyu mwaka 1936, mtoto wa pili wa Gathogo na Wairimu. Kitambulisho chake kinasema tarehe 9 Machi, lakini hiyo aliiweka karani. Mama yake alisema siku zote kwamba ilikuwa mvua ya njahi, ile ndefu ya masika, na ng'ombe mwekundu alikuwa amezaa asubuhi hiyo hiyo. Tangu akiwa mdogo alikuwa na pua ya ajabu. Shangazi akiwa bado mtoni, Njambi alikuwa anasema, "Anakuja yule wa tumbaku," na kweli anaingia yule wa tumbaku. Baba yake aliona aibu kidogo. Alimwambia mtoto wa kike hanusi watu, anawasalimia.

Aliingia shule akiwa tayari msichana mkubwa, mwaka 1948, akafika darasa la nne. Halafu Hali ya Hatari ya mkoloni ikaja, shule ikafungwa, na vitabu vikaishia hapo. Hata hivyo alisoma Biblia yake ya Kikuyu maisha yake yote, kidole chini ya neno, neno moja moja. Watoto wake walimcheka kwa hicho kidole. Yeye aliwajibu, "Mimi sikimbii, nafika." Kikumbukeni hicho kidole, kitarudi.

Kazi alianza mwaka 1955, kuchuma kahawa huku huku Ruiru. Tarehe 14 Disemba 1957 alifunga ndoa na Kagwe wa Gachau, mwashi wa mawe, baada ya mbuzi kupelekwa Gatukuyu na wengine kukataliwa kwa kukonda. Waliomuuliza kwa nini alimchagua mwashi na kulikuwa na karani aliyemtaka, wanalikumbuka jibu lake. Alisema karani alijipaka manukato mengi kama mtu anayeficha kitu, lakini Kagwe alinuka jasho na saruji, na hiyo ni harufu isiyo na uongo. Mungu aliwapa Ciku, Gachau na Gathogo. Waliishi Makongeni, Thika, na kwa kujinyima wakapata shamba hili tulipo. Kagwe alitutangulia Septemba 1988. Kuta za jikoni mnazoziona hapo ni mikono yake, na hazina ufa.

Mwaka 1964 Njambi aliingia kiwanda cha kahawa, meza ya kuchagua. Akina mama walikaa wakitoa buni mbaya kwa mikono. Kuna buni moja ambayo kwa macho ni nzuri kama dada zake, lakini ndani imeoza, na ikipita inaharibu gunia zima. Hiyo haionekani, inanuswa. Wenzake walimwita Pua, na msimamizi mwenyewe alikuwa anamletea kiganja cha buni na kusema, "Mama Ciku, hebu niambie." Aliipenda hiyo kazi. Tarehe 30 Juni 1992, mashine zilipoletwa, akina mama wa meza walishukuriwa, wakapewa blanketi kila mmoja, wakarudi nyumbani. Njambi alirudi na blanketi na kimya. Zaidi ya mwaka mzima alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Ciku alikuja kumwona, akamkuta ameketi tu, akamuuliza, "Mami, una nini?" Akajibu, "Sina kitu cha kunusa."

Sasa tuingie kwa Sajini, maana bila Sajini watu wengi walio hapa leo wasingekuwepo.

Sajini alikuwa mbwa wa Wambua, bawabu wa ghala la mbao kule Makongeni, ambako Njambi alikuwa bado anaishi. Jina lilikuwa la kijeshi lakini mbwa mwenyewe aliogopa kila kitu: mfuniko wa sufuria, mwavuli, mtu mwenye kofia, watoto wa chekechea wakiimba. Na kwa vile aliogopa, aliuma. Wambua alimfungia mchana kutwa ndani ya sanduku la mabati, na chakula chake alikitia pilipili na tumbaku, kama mabawabu wengi walivyoamini, ili awe mkali. Siku moja ya Oktoba 1993, Jumapili, kamba ya kufungia sanduku ilikatika. Sajini akamkuta Zacharia, mwenyekiti wetu wa wakaazi, akitoka kanisani, akamuuma mguu na kuondoka na kipande cha suruali ya suti.

Mkutano ukaitwa haraka. Wote walikubaliana mbwa achomwe sindano afe. Njambi alikuwa amepitia kwa Wambua kabla ya kuja. Aliinama mbele ya lile sanduku, akanusa. Kwenye mkutano akasimama, yeye ambaye hakuwa amesema neno hadharani tangu atoke kiwandani.

"Huyo mbwa amechomwa pua," alisema. "Hajui mgeni ni nani na mwenyeji ni nani. Angekuwa na pua asingekuwa na hofu."

"Mama," Wambua akasema, "mbwa asiyekula pilipili ni mbuzi."

"Na wewe Wambua, tukikulisha pilipili asubuhi na jioni, utamsalimia nani?"

Watu walicheka. Zacharia hakucheka, alikuwa amenyoosha mguu wake wenye bendeji.

"Nipeni huyo mpaka sikukuu ya Jamhuri, Disemba," Njambi akasema. "Akiuma mtu mwingine, nitamleta mwenyewe na kamba mkononi, na mimi sitafungua mdomo tena kwenye mkutano wenu."

"Haiya! Hilo la mwisho tunalitaka," mmoja akasema kutoka nyuma. Basi akapewa mbwa, nusu kwa huruma na nusu kwa dhihaka.

Aliyemsaidia zaidi ni jirani yake Tausi, mke wa Farouk, wenye duka la viungo. Tausi hagusi mbwa, dini yake inamwelekeza kujihadhari na mate ya mbwa, na Njambi hakumwomba kamwe amguse. Alimwomba karafuu. Kwanza walimwacha Sajini apone, uji na mchuzi wa mifupa bila pilipili, na sanduku la mabati likauzwa kwa chuma chakavu. Pua ilipoanza kuwa na unyevu kama pua ya ndama, Njambi alifunga karafuu ndani ya kitambaa, akakitia kwenye mkebe mmoja kati ya mikebe mitupu ya mafuta ya Kasuku, akasema "Caria!", yaani tafuta. Sajini akikipata na kuketi, anapewa kipande cha mutura, soseji yetu ya damu. Majirani walilalamika kwamba kuna Wakristo hawajaona mutura wiki nzima.

Lakini Tausi, akiangalia kutoka ng'ambo ya ua, aliona jambo.

"Mama Ciku, huyo hatafuti karafuu. Anafuata mkono wako. Mkebe ulioushika mwisho ndio anaouendea."

Njambi alinusa mikebe mwenyewe, akacheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa kweli. Kuanzia hapo Tausi ndiye aliyefunga karafuu na kuificha, kwa mikono safi ambayo haijagusa mbwa, na Sajini akalazimika kusoma mwenyewe. "Anasoma na pua kama mimi na kidole," Njambi alisema. "Neno moja moja. Na mtu anayesoma hana nafasi ya kuogopa."

Vile vitu vya kumtisha navyo hakuvilazimisha. Mfuniko wa sufuria uligongwa mbali, mwisho wa barabara, Sajini akiwa na kazi yake ya mikebe. Akiinua kichwa kwa hofu, mgongaji anarudi nyuma. Akiendelea kunusa, kesho yake mgongaji anasogea kidogo. Wambua mwenyewe aligonga sufuria hiyo mpaka akaitwa mwanakwaya. Kofia zikasogea hivyo hivyo, na mwavuli, na wale watoto wa chekechea na wimbo wao.

Ikafika Jumamosi tarehe 11 Disemba 1993. Uwanja wa Makongeni ulijaa, watu wakaja hata kutoka Kiandutu kuona mama na mbwa wakiaibika. Mikebe ikapangwa katikati. Njambi akageuka na Sajini wakatazama ukuta, Tausi aende kuficha kitambaa. Hapo Zacharia akamwambia Tausi kwa sauti ya chini, "Lete hapa, leo nitaficha mimi." Tausi angefanya nini? Ni mwenyekiti. Zacharia akakitia ndani ya mfuko wa koti lake mwenyewe, akarudi kukaa kwenye kiti chake, mbele kabisa. Njambi hakujua lolote.

"Caria," akasema.

Sajini akanusa mkebe wa kwanza. Hakuna. Wa pili, hakuna. Akamaliza yote, akarudia, hakuna. Watu wakaanza kucheka. Kijana mmoja akamwita nyanya kwa kelele, "Cucu, hiyo dogi imefeli mtihani!" Wengine wakagonga debe. Hapa ndipo kila mtu alijua: Njambi akivuta kamba, mbwa atachanganyikiwa, ataruka, atauma, na sindano iko tayari. Njambi hakuvuta. Aliilegeza kamba, akasema tu, "Kahora, Sajini. Kahora."

Sajini akasimama katikati ya makelele hayo. Akainua pua kwenye upepo. Akafunga mdomo. Halafu akaanza kutembea, taratibu, akiacha mikebe nyuma, kuelekea kwa watu. Wakagawanyika kushoto na kulia, viatu vikabaki. Zacharia akauvuta chini ya kiti ule mguu ulioumwa. Yule mbwa akamfikia, akanusa viatu, akanusa mguu ule ule aliouuma, akapanda mpaka kwenye mfuko wa koti. Sajini akaketi. Akamtazama mwenyekiti usoni kama mtu aliyebisha hodi.

"Sasa," Zacharia akasema, akiufunika mfuko wa koti kwa mkono, "sasa anataka nini?"

Njambi akaelewa. Akatoa kipande cha mutura. "Anataka haki yake, mwenyekiti. Toa kilicho mfukoni, kisha umpe hiki na mkono wako."

"Mkono wangu?"

"Ndio huo. Kahora."

Zacharia akatoa kitambaa cha karafuu, watu wote wakakiona, na uwanja ukalipuka. Debe, vigelegele, sufuria, kila kitu alichowahi kuogopa Sajini kikagongwa kwa pamoja juu ya kichwa chake. Naye alikuwa anakula mutura, kwa upole, kutoka kiganja cha mtu aliyetaka kumuua. Alilamba na vidole. Mwenyekiti akasema, "Ngai! Ana ulimi wa ndama," na mwaka uliofuata alikuja mwenyewe kuomba mtoto wa Sajini.

Kutoka siku hiyo Njambi hakufagia tena uwanja uliofagiwa. Mwaka 1994 alihamia shambani hapa, akija na Sajini, maana Wambua alisema mbwa amekwisha kumchagua mwenyewe. Kila Jumamosi asubuhi waliletwa mbwa chini ya mparachichi ule pale: wa Kahawa Sukari walioogopa radi, wa Kiandutu waliopigwa mawe mpaka wakachukia watoto, mbwa mmoja wa mchungaji aliyelia kila kwaya ikianza, na Njambi akasema huyo hana hofu, ana maoni. Daktari wa mifugo wa Ruiru alikuwa anawatuma kwake, naye Njambi akiona mbwa ana kidonda au homa alimpelekea daktari. Hakudharau ujuzi wa mtu. Mabawabu wa Thika wengi waliacha pilipili kwa ajili yake. Aliwauliza tu, "Unataka mlinzi au unataka moto?"

Ugonjwa ulianza Mei 1998, na maumivu ya kichwa. Siku moja githeri iliungua jikoni mpaka moshi ukatoka, naye ameketi hapo hapo akipukuchua mahindi. Sajini ndiye aliyekuja kumvuta leso. Hospitali walipata uvimbe kichwani, na uvimbe huo ulikuwa umemnyang'anya pua. Tulifikiri atavunjika. Tausi alikuja kutoka Thika na karafuu, akampa, Njambi akaishikilia puani muda mrefu. Kisha akacheka kidogo, akamwekea Sajini mbele. "Nisomee," akamwambia. Sajini akanusa, akaketi. "Basi bado ipo," Njambi akasema. Tangu hapo Sajini akawa pua ya nyumba: alimwambia maziwa yakiharibika, moto ukibaki, mgeni akija. Madaktari na wauguzi walimtunza vizuri, na hakuwa na malalamiko. Alifariki Alhamisi, tarehe 12 Agosti 1999, mchana, Ciku akimshika mkono, bila haraka.

Ameacha watoto wake Ciku, Gachau na Gathogo, wakwe zake na wajukuu wake, ndugu yake Mbugua aliyeombwa kuandika haya, rafiki yake Tausi na mumewe Farouk, na mbwa wasiohesabika kati ya Thika na Ruiru wanaolala leo bila kuogopa radi.

Na ameacha Sajini. Sasa ni mzee, mdomo umekuwa mweupe. Wengi hamjamwona, na hiyo ndiyo sifa yenyewe. Kwaya imeimba, sufuria za wapishi zimegongana, miavuli imefunguliwa, kofia zimejaa, na yeye amelala hapo mbele tangu asubuhi, karibu na kiti cha mwenyekiti Zacharia, kidevu juu ya kiatu chake.

Nenda kahora, Njambi wa Gathogo. Hukukimbia, umefika. Amani ya Mungu ikulaze.