Chipukizi Wanane wa Babu Faili

Kosa la wengi katika ligi yetu ya kompyuta ni kuhesabu nyota. Wanamwona chipukizi wa nyota tano, wanamkimbilia, kisha wanashangaa msimu ukiisha bila matunda. Mtunza masjala wetu, anayestaafu leo Ijumaa, tarehe 30, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, hakulifanya kosa hilo hata mara moja. Ofisi yetu ndiyo iliyolifanya, tena kwake: ilihesabu vyeti vyake, ikaona havitoshi, ikamwacha kwenye cheo kilekile alichoanza nacho. Tuseme ilikuwa inamkomaza.

Wengi mnamwita Babu Faili. Barua ya mwaka wowote anajua iko kabati lipi, na wakurugenzi sita wamejifunzia kazi mezani kwake kabla ya kumpita. Lakini sifa zake zilitokana na saa ya chakula cha mchana, alipotuanzishia ligi ya besiboli ya kompyuta. Kwa msioijua: kila mmoja huendesha timu ya wachezaji wa kubuni, na kila msimu tunachagua vijana wapya kwa zamu. Nyota za kijana hutokana na taarifa ya msaka vipaji, naye msaka vipaji, kama sisi sote, hukosea.

Babu Faili humtuma msaka vipaji wake amtazame kijana yuleyule mara tatu. Taarifa zikipingana, anaachana naye. Zikilingana, na kijana akiwa na bidii, anamchukua hata kwa nyota moja. Ndivyo alivyompata mrushaji wa mkono wa kushoto, raundi ya kumi na nane ya kuchagua. "Mzee, huyo umemchagua au umemwokota?" mhasibu alimkejeli. Msimu huohuo mhasibu alichukua mpigaji wa nyota tano, akampandisha ligi kuu moja kwa moja. Kijana hakugusa mpira mechi kumi na moja mfululizo, na mhasibu akaitukana kompyuta mpaka fundi akaitwa.

Mrushaji amekaa ligi ya chini, ile ya kukomazia vijana, misimu minne, na msimu ujao yuko tayari kupanda. Tatizo ni kanuni: timu huendeshwa na mtumishi aliye kazini tu. Aliiandika Babu Faili mwenyewe, na tulipomsihi ailegeze alituuliza kama tunataka astaafu akiwa mwongo. Timu isiyo na mwenyewe huchukuliwa na kompyuta, nayo haina subira: huwafukuza chipukizi wote wa ligi ya chini siku hiyohiyo. Wako wanane.

Mkurugenzi atamkabidhi leo cheti cha utumishi uliotukuka. Sasa vyeti vinatosha. Asante, Babu Faili, kwa kutufundisha kumtazama mtu mara tatu. Ukapumzike kwa afya, ulale mchana bila kuangalia saa.

Sisi wenye timu haturuhusiwi kushika ya pili. Karatasi ya kumpata wa kuirithi timu yake imebandikwa kwenye mlango wa masjala, na ligi inafungwa saa kumi jioni. Kama huna timu, nenda leo ukaandike jina lako.