Somo la Sokwe

Mtumbwi ulikuwa katikati ya mto wakati Mwalimu Aziza alipowasikia wanaume wawili mbele yake wakibishana juu ya somo lake la jana. Hawakumjua kwa sura, naye hakuwa na mahali pa kushukia.

“Mutoto wangu anasema sisi na sokwe tuko ndugu,” alisema mmoja, fundi cherehani. “Kesho naenda kwa direkta wa masomo, mukubwa wa shule. Ule mwalimu atafukuzwa!”

Mwenzake, mwindaji kutoka kijiji cha Obokote, akacheka. “Sitwayeni, raia mwenzangu, mi nilishaona mukono wa sokwe. Iko na kucha, iko na mistari kama wako huo.”

“Njo vile, ndiyo hivyo! Mi nakata shati ya baba na ya mutoto kwa kipimo kimoja. Shati haikuzaa shati. Fundi njo mumoja, na fundi wetu na sokwe njo Mungu.”

“Shati haizai, kweli. Lakini sokwe anazaa.”

Fundi aliigeuza mikono yake akiitazama. Aziza naye akainama mbele asikie vizuri.

“Hiyo nitamuuliza mwalimu mwenyewe,” fundi alisema mwishowe. “Kwa direkta siendi tena. Wakimufukuza, nitabishana na nani?”

Mtumbwi ukagusa ng’ambo. Wawili wale wakapanda ukingo wakiendelea kubishana, na Aziza akashuka, akabaki akicheka peke yake, miguu majini.