Bi Hisano Kadowaki na Kanda Thelathini na Moja za Moyo

Kwa unyenyekevu unaostahili mbele ya mashada mengi kiasi hiki, familia inatangaza rasmi kwamba moyo wa Bi Hisano Kadowaki ulisimama tarehe 3 Juni 2019, saa nne asubuhi, bila idhini ya maandishi ya profesa yeyote.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Novemba 1948 mjini Akashi, binti wa mfinyanzi wa mitungi ya kutegea pweza. Alisoma hapo hapo, kisha akahitimu ufundi wa maabara mjini Kobe mwaka 1970. Kwa miaka thelathini na minane alipima umeme wa moyo katika hospitali moja ya Kobe.

Mwaka 1974 aliolewa na Bwana Tadao, karani wa stesheni. Kabla ya kuikubali posa alimlaza kwenye mashine. "Moyo wake umenyooka, mama," alimwambia mama yake. "Kama ratiba ya treni."

Tarehe 17 Januari 1995 ardhi ilitetemeka. Wiki ile walikuja wanawake ambao hawakuangukiwa hata na kikombe, ila vifua viliwabana. Mshtuko ulikuwa umeilegeza mioyo yao: chini imevimba, shingoni imebana, mfano kamili wa mitungi ya baba yake. Madaktari walisema moyo wa namna hiyo hupona wenyewe. Bi Hisano alizitazama kanda za karatasi zilizochorwa na mashine, akaona kwamba kwa baadhi yao wimbi la mwisho la kila pigo lilizama sana na kuchelewa kutulia. Nyuma ya kanda nane kati ya thelathini na moja aliandika kwa penseli: "Huyu asiende nyumbani."

Mmoja aliruhusiwa hata hivyo. Alifia kwenye ngazi za kwake. Saba walizuiwa, na watatu kati yao mapigo ya moyo yalivurugika mbele ya madaktari, wakaokolewa.

Mwaka 1998 Profesa Kuramitsu, bingwa wa moyo wa hospitali hiyo, alitoa makala kuhusu wimbi hilo linalochelewa. Ilikuwa na majina kumi na moja ya waandishi, likiwemo la daktari aliyekuwa likizoni Hokkaido. La Bi Hisano halikuwemo. Alipouliza, Profesa alimjibu kwa upole, "Bi Kadowaki, mashine ndiyo inayochora. Wewe unakata karatasi tu." Akamzawadia nakala saba.

Mwaka 2007 Profesa alishindwa uchaguzi wa mkuu wa chuo kwa kura mbili, akaletwa ameshika kifua. Bi Hisano alimpima, akageuza ukanda, akaandika maneno yale yale, akampa daktari wa zamu. Profesa alilazwa siku tisa. Siku ya tatu moyo wake ulivurugika, wakauwahi.

Kabla ya hapo, alipokuwa akipimwa, Profesa alikuwa ameuliza, "Inasemaje, Bi Kadowaki?"

"Sijui, Profesa. Mimi nakata karatasi tu."

Mwezi Februari mwaka huu marehemu aligundulika na saratani ya kongosho. Alivumilia, ila si chakula cha wodini. Wiki iliyopita Profesa alituma ujumbe kwamba, kwa heshima, kanda zile thelathini na moja, ambazo marehemu alizihifadhi, ziwekwe jenezani, zichomwe pamoja na mwili wake. Kumwekea marehemu alivyovipenda ni desturi yetu na tutaitimiza. Kabla ya kifuniko kufungwa tutaweka miwani yake, kitambaa cha harusi, na nakala zote saba za makala ya Profesa. Kanda ziko mezani pale mlangoni, mgongo juu. Penseli yake inasomeka vizuri.

Ameacha mume, Bwana Tadao; binti, Natsuko; mjukuu, Haruki; wanawake saba walioishi kuzeeka; na Profesa Kuramitsu, ambaye bila marehemu asingekuwepo leo wa kuachwa. Alale salama, na asisumbuliwe na mtu mwenye cheo.

Wengi mmeshangaa kumwona Profesa kwenye kiti cha mbele kabisa, pamoja na ndugu. Marehemu mwenyewe ndiye aliyeagiza, siku mbili kabla hajafariki, na sisi pia tulimuuliza kama huko si kumtukuza kupita kiasi.

"Mkalisheni mbele," alisema. "Sikio lake la kushoto halisikii."