Leseni ya Breki na Karatasi ya Siku Saba

Benchi la mbele ya kibanda cha fotokopi lina miguu mitatu na tofali, na asubuhi hiyo lilikuwa limebeba wanaume watatu na birika la kahawa. Katikati alikaa Breki, dereva wa gari la mikate, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Wiki iliyopita askari walimsimamisha, akapuliza kidude cha kupimia pombe, kidude kikalia. Leseni ikabaki kituoni, yeye akarudi na karatasi. Bosi kamwambia waziwazi: wakikufungia leseni, ufunguo nampa mwingine. Miaka kumi na mmoja ya usukani ilikuwa inamponyoka hivi hivi anaona, na roho haikuwa mahali pake.

— Nilikunywa, sibishi, alisema. Nataka kujua tu, leseni naiokoaje?

— Kosa lako ulipuliza kwa mdomo, alisema Wakili, fundi viatu aliyepata jina hilo kwa kutoa ushahidi mahakamani mara mbili. Kisheria mtu hupuliza kwa pua.

— Kwa pua?

— Usimchanganye mwenzio, alidakia Stempu, mwenye kibanda. Breki, sema ilikuwa dawa ya kikohozi.

— Kaka, chupa ya bia nilikuwa nayo mkononi.

— Basi sema aliyekamatwa ni pacha wako, akasema Wakili.

— Sina pacha.

— Wao watajuaje? Wakutafutie wao!

Breki alimtazama huyu, akamtazama yule. Kila walivyomfafanulia ndivyo alivyozidi kupotea.

— Na ile karatasi, inasemaje? Wakili akauliza.

— Niliogopa kuisoma. Nimempa Stempu anitunzie.

— Nimeitunza haswa! Stempu akaichomoa kibandani, inang'aa. Nimeipiga laminesheni, plastiki mbele na nyuma. Hata mvua ya mwezi mzima haiigusi. Bure kabisa, kwa ajili ya ndugu yangu.

Mwalimu mmoja wa kike, aliyekuja kuchukua viatu vyake kwa Wakili, akaiomba. Aliisoma yote, kimya, miwani puani.

— Una siku saba tangu kukamatwa, uombe kusikilizwa kabla hawajakufungia leseni. Unajaza hapa chini, unasaini, unairudisha hii hii. Nakala hawapokei. Walikukamata lini?

— Ijumaa ile.

— Leo Ijumaa, baba. Ndiyo siku ya mwisho, na ofisi inafungwa saa sita.

Breki aliinuka nusura apindue birika. Wakili akampa kalamu. Akajaribu kuandika jina lake. Kalamu ikateleza, plastiki ikabaki tupu. Akakandamiza. Akailamba ncha. Wapi!

Mwalimu aliwatazama wote watatu.

— Sasa atasaini wapi?

Stempu akaanza kuchokoa ukingo wa plastiki kwa kucha. Wakili akainamia kiatu alichokwisha kukishona. Breki alibaki na kalamu mkononi, machozi yanamlengalenga, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hakuna aliyekuwa na ushauri.