Jino la Mzee na Chupa ya Asali

Basi letu lilikuwa linashuka Mombo, mzee mmoja wa Malindi ya huku milimani akimlalamikia mama aliyeketi naye. "Naumwa jino, daktari wa meno ananiambia nilete mkojo!" "Anapima sukari, baba, akiling'oa kidonda kisije kikakataa kupona." "Kaikuta tele, jino kaliacha. Sukari yenyewe duka la ushirika hatujaiona tangu Pasaka!" Mama alicheka, mimi nyuma yao nilijifanya nakohoa.

"Mkojo uliupeleka kwenye nini?" mama akauliza. Mzee akainua chupa kutoka mapajani. "Hii. Ilikuwa ya asali." "Baba! Basi wamepima asali. Ioshe, urudi kesho." Mzee akashika shavu lililovimba. "Wakiikosa sukari, si wataling'oa jino?"

Basi likasimama Mombo. Akashuka wa kwanza, kaikumbatia chupa. "Siioshi ng'o!"