Mtu wa Dakika ya Nne

Kijiwe chetu hapa Monplaisir ni benchi la chuma mbele ya duka la Bi. Merle Fortuné. Zamani lilikuwa la abiria wa reli ya Rio Claro. Reli ilipong'olewa, benchi lilibaki kwa kuwa hakuna aliyeweza kulibeba. Kila asubuhi Bi. Merle anapotoa chupa ya kahawa, tunakuwa watatu. Upande wa kivuli hukaa Ulric Joefield, dereva mstaafu wa basi, ambaye kijiji chote humwita Dizeli. Katikati ni Sonnylal Ramkeesoon, anayeitwa Wakili, ingawa mahakamani aliingia mara moja tu, shahidi katika kesi ya ng'ombe. Mimi ni Cuthbert Alleyne. Wananiita Rejista, kwa sababu hadi leo naweza kutaja kwa ghibu majina ya darasa letu la mwaka 1953, kwa mpangilio.

Wiki ile tulikuwa na kazi. Mwalimu Anjani Seecharan, anayefundisha historia sekondari na kuweka masomo yake ya video mtandaoni, alikuwa ametoa somo juu ya reli yetu. Mwishoni aliomba mwenye kuona kosa amwandikie. Jumamosi angelirekodi upya, na shule nyingine za kisiwa zingelitumia hivyo hivyo litakavyotoka. Nililitazama mara tano, nikaandika maoni kumi na saba. Mkuu wa kituo hakuwa Percy Dunstan, bali Percival Oxley Dunstan. Daraja halikuwa la mbao. Treni ya kakao haikupita Jumatano.

Lakini kilichotuudhi kilikuwa katika dakika ya nne. Picha inamwonyesha mwanamume mwembamba kwenye kivuko cha reli, bendera mkononi, kofia imelalia sikio. Mwalimu anasema, kwa sauti yake nzuri, "mfanyakazi wa reli asiyejulikana."

— Asiyejulikana na nani? Dizeli aliuliza. Si Kijani huyo?

— Kijani mwenyewe, Wakili akajibu. Hata hiyo kofia naijua.

Basi kahawa ikanywewa kwa habari za Kijani. Kila Jumapili alifua bendera yake ya kijani na kuianika kwenye mlimau. Alikula shelisheli la kuchoma na samaki wa chumvi akiwa amesimama, kwani alidai mtu aliyekaa haisikii treni ya saa moja na dakika arobaini. Dizeli akakumbusha kuwa aliwahi kusimamisha treni ya Gavana ili bata avuke na vifaranga wake. Wakili akakataa katakata. Hakuwa bata, alikuwa ng'ombe wa bibi yake, na Gavana alishuka akampa ng'ombe mkono.

— Mnadhani reli ilifungwa kwa nini? Dizeli akasema. Gavana alifika London akashtaki. Eti kule Monplaisir kuna mtu anamheshimu bata kuliko Malkia.

— Gavana alikuwa ameshaondoka miaka kadhaa kabla ya reli kufungwa, nikamwambia.

— Ndiyo hivyo, bwana. Haba na haba hujaza kibaba.

Wakili akaniagiza niandike maoni ya kumi na nane, tena kwa ukali: kijiji kizima kimetukanwa. Nilikuwa katikati ya sentensi gari likasimama. Akashuka Mwalimu Seecharan mwenyewe, daftari kwapani. Alitusalimia kila mmoja kwa jina, akanishukuru kwa yale kumi na saba, akapokea kikombe kwa Bi. Merle.

— Mwalimu, Wakili akaanza, tunakuheshimu, lakini hapo umetukosea. Mtu yule alijulikana na kila mtu hapa.

— Nimefurahi sana, mzee wangu. Akafungua daftari. Jina lake nani?

— Kijani.

— Alilopewa na mama yake. Nimepata orodha ya mishahara ya reli. Ina watu arobaini na mmoja, na Kijani hayumo.

Dizeli akamtazama Wakili. Wakili akanitazama mimi. Nikamwomba Mwalimu aisome yote.

Akatusomea orodha taratibu. Dizeli alisema "huyo" mara tatu, kwa majina matatu tofauti. Mara ya tatu akavua kofia. Wakili akajitetea kwamba tangazo la kifo chake halijasomwa redioni, maana tungesikia "aliyejulikana zaidi kama Kijani."

— Na kabla ya hapo wangesoma jina gani? Mwalimu aliuliza, polepole.

Hatukujua hata alikokwenda. Wengine husema kwa dada yake kule kijijini Toco, wengine Venezuela. Reli ilipofungwa aliondoka asubuhi na furushi lake, na sisi tulikuwa vijana, tunatafuta kazi.

Ndipo nikasema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kwa miaka mingi. Kila asubuhi tulipofika kivukoni na mikoba yetu, Kijani alituzuia kwa bendera, akatazama huku na huku, kisha akatuita mmoja mmoja, ajue wote tumevuka. Hakutumia majina ya utani. "Ulric Emmanuel Joefield, vuka. Sonnylal Bisnath Ramkeesoon, vuka. Cuthbert Theophilus Alleyne, vuka." Mpangilio ninaojivunia haukuwa wa mwalimu wa darasa. Ulikuwa wake.

— Sisi hatukumuuliza lake, Dizeli akasema.

Mwalimu aliomba ruhusa ya kuliweka hilo katika somo. Nikampa. Akasema jina atalisubiri hadi Ijumaa jioni. Bi. Merle akainamisha chupa juu ya kikombe changu; likatoka tone moja.

Hadi Ijumaa tulikuwa tumepita kila nyumba yenye mtu wa zaidi ya miaka sabini. Wote walitabasamu walipoiona picha. Wote walisema Kijani.

Jioni nikafuta ile sentensi ya ukali, nikaandika nyingine mahali pake:

"18. Dakika ya nne. Hakuna kosa."