Dada Povu na Sabuni Iliyopita Kiasi

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Povu, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1968, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani. Mama alisema kulikuwa kunapambazuka, na kitu cha kwanza alichokitazama ni shuka jeupe likipepea dirishani.

Alisoma hadi darasa la saba. Sare yake ilikuwa moja tu, akiifua kila jioni, hata mwalimu akadhani anazo nyingi.

Mwaka 1988 aliajiriwa kufua mashuka ya hospitali. Ukiingia pale ulimwona kama anatembea mawinguni, mvuke umemfika kifuani, anaimba. Doa likikataa kutoka alilisemesha: "Leo wewe na mimi, tuone nani mkaidi."

Mwaka 1991 aliolewa na fundi rangi, mtu mpole, wakajaliwa binti mmoja. Baadaye alianza kutokwa na uchafu ukeni, wenye harufu kama ya samaki. Kwa dobi, hiyo ilikuwa aibu isiyosemeka. Akafanya alichokijua: alijiosha ndani kwa sabuni, na harufu ilivyorudi ndivyo alivyozidisha sabuni. Mwaka 2003 mumewe aliugua. Walipimwa wote wawili, wakakutwa na virusi vya UKIMWI.

Muuguzi ndiye aliyemfumbua macho. "Mama, humo ndani kuna vijidudu vizuri, ni walinzi. Ukiwafukuza, wabaya wanajaa, ngozi laini inadhoofika, na virusi vikija vinapita kirahisi."

"Kwa hiyo sabuni ndiyo iliyoniletea?"

"Hapana. Virusi vilitoka kwa mtu. Ila huenda mlango ulikuwa wazi."

Dada akasema, "Nami nilidhani napiga deki, kumbe nafukuza askari."

Mumewe alitutoka mwaka 2005. Dada alimeza dawa zake bila kuruka, akanawiri, akawa anamuuliza kila mwanamke aliyekutana naye anajioshaje.

"Povu, jamani! Hapa kwenye foleni?" alishtuka mwanamke mmoja.

"Foleni ina masikio, ndiyo maana nauliza. Osha nje kwa maji, ndani kunajiosha kwenyewe. Harufu ikibadilika usiifiche, nenda kliniki, dawa ipo."

Mwaka huu moyo wake ulichoka, akalazwa katika hospitali ileile. Alipapasa shuka lake, akanong'ona, "Hili hawakulisuuza vizuri." Binti wa mdogo wake, anayetarajia kuolewa, alikuwa akimkanda miguu. Dada alikuwa amekwisha kuhisi binti huyo anaficha jambo, na anajiosha kama alivyojiosha yeye.

"Umekwenda kliniki?"

"Nitakwenda, mama mkubwa."

"Nitakwenda haitibu mtu, mwanangu."

Mama wa binti alikuwa mlangoni, akisikia yote, akiogopa kuingia. Dada alifumba macho tarehe 2 Mei, asubuhi, pazia likipepea taratibu, kama mtu aliyesinzia kando ya kamba ya nguo.

Ameacha binti mmoja, wajukuu wawili, mimi mdogo wake niliyekuwa mlangoni, na yule binti yangu, ambaye jana alirudi kutoka kliniki na dawa mkononi, akasema, "Mama, hili langu nalo lisome, wenzangu wasikie."

Dada, amekwenda kliniki. Sasa lala, shuka lako ni safi, na Mungu akutulize.